Maotea ya Mwilini

Wajukuu zangu, alizeti imepurwa, magunia yamefungwa, na leo hakuna wa kuniambia ana haraka ya shamba. Kaeni. Nina neno ambalo bibi kwa kawaida hamwambii mjukuu wake, na kwa kuwa halisemwi, limeumiza watu wengi.

Mnajua nilikuwa nesi wa zahanati miaka 31. Vidonda vya watu nimevisafisha, siri zao nimezitunza. Lakini siku mkanda wa jeshi uliponishika mimi, elimu yote ile niliifungia kabatini. Ulianza kwa kuunguza ubavuni, kama mtu amenipitishia kaa la moto. Kesho yake malengelenge yakajipanga mstari kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Nilijua ni nini. Nilijua pia kwamba vidonge vyake, asiklovia, vinafaa vianze kumezwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Hata hivyo nilijifungia ndani siku sita.

Niliogopa maneno ya kisimani. Kwa watu wetu, mkanda wa jeshi maana yake ni UKIMWI, basi. Niliona haya kuketi kwenye benchi lile lile nililokuwa nikiwaketisha wengine. Siku ya saba mama yenu mkubwa alinikuta nimeshindwa hata kujifunga khanga, akanibeba mzobemzobe hadi kwa daktari. Vidonda vilikauka, maumivu yakabaki miezi minane. Usiku shuka likinigusa, nalia. Kumeza mapema hakukuhakikishii kwamba maumivu hayatabaki, lakini mimi sikujipa hata nafasi.

Sasa sikilizeni. Tetekuwanga, mkanda wa jeshi, malengelenge ya mdomoni na yale ya sehemu za siri ni watoto wa ukoo mmoja, virusi vya hepesi. Tetekuwanga uliyougua utotoni inapona, lakini kirusi chake hakiondoki. Hujilaza kwenye mishipa ya fahamu hata miaka 50, kisha uzee ukifika au kinga ikishuka, huamka kikiwa mkanda wa jeshi. Ndiyo maana kijana akiupata hupimwa VVU. Hahukumiwi, inatafutwa sababu ya kinga yake kulegea mapema. Mimi nilipima, sikuwa navyo. Na hata ningekuwa navyo, zile siku sita zisingenisaidia kitu.

Mnayajua maotea. Mwaka jana ulivuna alizeti, shamba likabaki tupu. Mvua ya kwanza ikinyesha, miche inachomoza mahali ambapo hukupanda. Unapitisha jembe, shamba linatulia, lakini punje nyingine bado zimelala udongoni zikisubiri mvua yake. Asiklovia ni jembe la namna hiyo. Inakata kilichoota, punje iliyolala haifikii. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya kung'oa hepesi moja kwa moja, iwe ya chupa au ya mizizi, mwache na chupa yake.

Lakini msilidharau jembe. Kidonge hiki huingia mwilini kikiwa kimelala, na kinachokiamsha ni kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Kikishaamka, kinajipenyeza kwenye mnyororo wa vinasaba ambao kirusi kinaunganisha ili kizaliane, na mnyororo unakatikia hapo. Chembe zako nzima haziguswi sana, kwa kuwa hazina wa kukiamsha. Aliyeongoza utafiti wa namna dawa hii inavyofanya kazi ni Gertrude Elion, Mmarekani aliyeamua kusoma sayansi baada ya saratani kumwua babu yake. Maabara zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Kwa mkanda wa jeshi, mtu mzima hupewa miligramu 800 mara tano kwa siku, siku saba. Kwa malengelenge ya siri yanayotoka mara ya kwanza, huwa miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku kumi. Anayerudiwa mara kwa mara anaweza kuandikiwa 400 asubuhi na jioni kwa muda mrefu, yasichomoze hovyo. Daktari ndiye apange kipimo chako, hasa kama figo zina shida, nawe unywe maji ya kutosha. Usimegeane vidonge na rafiki. Na hiyo kapsuli ya antibiotiki ya rangi mbili mnayokimbilia duka la dawa kila kitu kikiwasha, kirusi haikitishi hata kidogo.

Vijana wa machimbo ya Mang'onyi na ninyi mnaofanya kazi kwenye baa za barabara kuu, hili ni lenu. Kulikuwa na tumaini kwamba kuituliza hepesi ya siri kungezuia VVU. Ikajaribiwa hapa hapa Tanzania, kanda ya ziwa, kwa wanawake 821 wa baa na nyumba za wageni, wote wakiwa na hepesi bila VVU. Nusu walimeza asiklovia kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliopata VVU upande wa dawa ni 27, upande wa pili 28. Kidonge cha hepesi si ngao ya UKIMWI. Kondomu mnaijua, nayo kwa hepesi inapunguza, haimalizi, maana kirusi huweza kupita hata ngozi ikionekana safi.

Nanyi mabinti, mficha uchi hazai. Ukiwa mjamzito, mwambie mkunga kama umewahi kuwa na malengelenge ya siri. Yakiwapo wakati wa uchungu, mtoto anaweza kuyapata akipita, na kichanga hepesi huweza kumwua. Mkunga akijua mapema, kuna dawa na kuna upasuaji. Usipomwambia, atajuaje?

Haya, nimemaliza. Kesho mmoja wenu akiniambia anakwenda zahanati, sitamwuliza anaumwa nini. Nitamwita mwenye bodaboda.