Rangi ya Ndege na Haki ya Mfugaji

Swali la haki ya mtu juu ya viumbe walio chini ya mkono wake ni kongwe, na aghalabu hujadiliwa kwa mifano mikubwa: punda aliyetwishwa kupita nguvu zake, au tembo awindwaye kwa ajili ya pembe. Lakini mizani ya sonara hupima vitu vidogo. Kasuku wadogo wa Afrika, ambao watu wa Ulaya waliwapa jina la ndege wa mapenzi kwa kuwa dume na jike hukaa bega kwa bega wakichambuana manyoya, huenea katika kiganja cha mkono. Walakini swali lililomo katika ufugaji wao si dogo. Mtu amlishaye ndege, amwuguzaye na kumkinga na mwewe, je, amepata kwa wema huo haki ya kuibadili asili yake apendavyo?

Jamii za ndege hawa ni tisa, na zote asili yake ni bara la Afrika na kisiwa cha Madagascar. Mbili kati ya zile zinazofugwa zaidi duniani ni za Tanzania. Kasuku wa Fischer, mwenye kichwa cha rangi ya machungwa yaliyoiva, hukaa kusini ya Ziwa Victoria na katika mbuga za Serengeti. Mwenziwe mwenye uso mweusi na ukosi wa manjano hukaa mashariki na kusini zaidi, katika nyanda za juu mpaka Dodoma na Iringa. Wote wawili walipewa majina ya kitaalamu na Mjerumani Anton Reichenow mwaka 1887. Wa tatu, mwenye uso wa rangi ya waridi, ni mwenyeji wa nchi kavu za Namibia na Angola.

Porini, mavazi ya ndege hawa ni kijani. Katika matundu ya wafugaji wako wa buluu, wa manjano matupu, weupe, na wa rangi nyingine nyingi. Mnunuzi hudhani kwamba ndege wa buluu ameongezewa kitu. Sivyo. Kijani cha unyoya huu ni zao la mambo mawili: rangi ya manjano, na umbile la unyoya lenyewe ambalo huurudisha mwanga wa buluu. Ikikosekana manjano, hubaki buluu; ukikosekana weusi wa ndani, hubaki manjano. Basi uzuri ulipwao fedha nyingi ni upungufu. Tena upungufu huo hujificha: ndege wawili wa kijani, kila mmoja akiwa na urithi wa buluu damuni, huzaa watoto ambao kwa wastani mmoja katika wanne ni wa buluu. Mfugaji mwenye haraka ya kumpata huyo mmoja huozesha kaka kwa dada na baba kwa binti, na magonjwa yaliyojificha hutokea pamoja na rangi iliyotafutwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata hivyo si haki kumhukumu mfugaji kabla ya kumsikiliza, naye ana hoja nzito. Katika miaka ya 1980 kasuku wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi mno duniani, na wengi waliofika sokoni walikuwa wamenaswa mbugani. Mwaka 1992 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia ndege wengi wa porini wasiingizwe nchini humo, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango wake. Wapenzi wa ndege katika nchi hizo sasa hununua waliozaliwa tunduni. Mfugaji aweza kusema kwamba kila kifaranga anayemlea ni mtego mmoja uliopungua mbugani. Kwamba ndege wake hajui msitu wala hautamani. Na kwamba rangi haimwumizi aliyeivaa. Hoja hizo zina ukweli. Lakini zinathibitisha ubora wa kufuga. Hazithibitishi uhalali wa kila kifanywacho na mfugaji.

Mpaka wa haki hiyo ulionekana wazi katika kazi ya mwanachuoni William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyoichapisha mwaka 1962. Jike wa uso wa waridi huchana vipande virefu vya majani au karatasi, akavichomeka katika manyoya ya kiunoni, kisha akaruka navyo mpaka kiotani. Kasuku wa Fischer hubeba kipande kimoja kimoja kwa mdomo. Dilger alizichanganya jamii hizi mbili, akawatazama machotara wao wakijenga. Walichana vipande vizuri, wakageuza shingo kuvichomeka, vikaanguka. Ama walivichomeka wasiviachie, wakavitoa tena. Walifaulu tu walipobeba kwa mdomo, na hayo waliyajua polepole. Ilipita miaka kama mitatu kabla ya kuizoea njia hiyo, na hata hapo, kabla ya kuruka, waligeuza shingo kuelekea mgongoni kana kwamba wameitwa. Machotara hao, zaidi ya hayo, ni tasa: waliijenga kwa taabu nyumba isiyokuwa na mtoto.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo humlaumu aachaye kwa hiari. Ndege huyu hakuacha. Alinyang'anywa, kisha akaachiwa kazi ya kupatanisha nafsini mwake ugomvi asiouanzisha.

Upande wa pili wa jambo hilo huonekana Naivasha, nchini Kenya. Kasuku wa Fischer na wa uso mweusi, ambao hawakuwa wenyeji wa mahali pale, waliachiliwa au walitoroka, wakachanganyika. Machotara wa jamii hizi mbili huzaa, na leo wengi kando ya ziwa hilo ni mchanganyiko usioweza kurudishwa nyuma. Hawaonekani kuteseka. Lakini kosa lililofungiwa tunduni hufa na mwenyewe. Lililoruka nje halina wa kuliita lirudi.

Basi jibu la swali haliko katika chakula wala katika rangi. Malezi humpa mlezi amana, wala hayampi milki. Na mwenye amana hupimwa kwa hasara anayoibeba aliyekabidhiwa. Mfugaji achaguaye rangi ambayo ndege huivaa bila maumivu, aandikaye nasaba ili asiozeshe ndugu kwa ndugu, asiyechanganya jamii kwa tamaa ya ugeni, wala asiyemwachilia porini kiumbe asiye wa pale, amekaa ndani ya mpaka wake. Akiuvuka, haitoshi kusema kwamba alimpenda ndege wake. Alipenda alichokiona kwa jicho lake. Gharama ililipwa na mwingine, ambaye hana ulimi wa kudai.