Cap Anson na Daftari la Wanadamu

Adrian Constantine Anson, ambaye mashabiki wa besiboli walimzoea kwa jina la Cap, alizaliwa mwaka 1852 Marshalltown, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, na akafariki Chicago mwaka 1922. Alicheza misimu 27 mfululizo, tangu 1871 hadi 1897. Misimu 22 kati ya hiyo aliichezea Chicago, na kwa sehemu kubwa alikuwa mchezaji, nahodha na meneja kwa wakati mmoja. Chini yake timu hiyo ilitwaa ubingwa mara 5. Vitabu vingi humtaja kuwa mtu wa kwanza kufikisha mapigo halali 3,000, yaani yale yanayomfikisha mpigaji kwenye kituo kwa nguvu ya pigo lake, si kwa kosa la mpinzani.

Sifa hiyo ndiyo inayozusha swali la kifalsafa. Je, rekodi ni tendo lenyewe lililofanyika uwanjani, au ni hukumu ya watu walioketi baadaye wakaamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe?

Msimu wa 1887 unaliweka swali hili wazi. Mwaka huo, na huo peke yake, kanuni zilisema kwamba mpigaji aliyepewa kituo cha bure, baada ya mrushaji kutupa mipira mibovu, aandikiwe pigo. Anson alikuwa amepiga mapigo 164 katika zamu 472, wastani wa 0.347. Alipoongezewa vituo 60 vya bure akawa na mapigo 224 katika zamu 532, na wastani ukapanda hadi 0.421. Kwa hesabu hiyo alitangazwa mpigaji bora wa ligi. Wahariri wa karne ya 20 waliirudisha hesabu ya kawaida, na taji likaangukia kwa Sam Thompson wa Detroit. Anson alikuwa amekwisha kufa, na hapakuwa na mpira hata mmoja alioupiga zaidi au pungufu.

Misimu yake 5 ya mwanzo nayo ina mgogoro wake. Ligi aliyoicheza kuanzia 1871 hadi 1875 haikuwa na ratiba ya kuaminika, na mwaka 1969 kamati maalumu ya rekodi iliamua isihesabiwe kuwa ligi kubwa. Ndiyo maana jumla ya mapigo yake ni 3,435 katika kitabu kimoja na 3,011 katika kingine, na zimekuwapo hesabu zilizomshusha kidogo chini ya 3,000.

Hata hivyo si sahihi kuhitimisha kwamba rekodi ni uongo tu. Mapigo 164 yalipigwa, na hakuna kamati inayoweza kuyafuta yasiwe yamepigwa. Kanuni haiumbi tendo. Inalipa jina na mahali pa kukaa. Takwimu ni ya kweli ndani ya kanuni iliyoizaa. Kosa huanza pale takwimu inapogeuzwa cheo, mtu akaitwa mkuu kuliko wote wa zama zake, bila kuulizwa ni akina nani waliozuiwa kushindana naye.

Kwa Anson swali hilo halikwepeki. Tarehe 10 Agosti 1883 Chicago ilikwenda Toledo kwa mechi ya kirafiki. Mdakaji wa Toledo alikuwa Moses Fleetwood Walker, Mmarekani Mweusi aliyesoma chuo cha Oberlin. Anson alisema timu yake haitacheza naye uwanja mmoja. Walker alikuwa ameumia mkono, wala hakutazamiwa kucheza siku hiyo, lakini meneja wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia maneno hayo alimpanga makusudi, akamwambia Anson achague: acheze, au akose mgawo wa mapato ya mlangoni. Anson akacheza. Miaka 4 baadaye, tarehe 14 Julai 1887, alikataa tena, safari hii huko Newark, na George Stovey, mrushaji Mweusi aliyetarajiwa kuanza, hakucheza. Ikaelezwa kuwa anaumwa. Siku hiyohiyo wakuu wa International League, ligi ya Newark, walipiga kura kutotoa mikataba mipya kwa wachezaji Weusi. Katika ligi kubwa mlango ulibaki umefungwa hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani kuichezea Brooklyn mwaka 1947.

Wanaomtetea Anson husema alikuwa mtu wa zama zake. Utetezi huo hausimami, kwa sababu Morton naye alikuwa mtu wa zama hizohizo. Wengine husema ubaguzi haukuwa kazi ya mtu mmoja, na hili ni kweli: wamiliki, wachezaji wengine na watazamaji walishiriki. Lakini dhambi ya wengi haigawanywi kama deni la kikundi, kila mtu akabakiwa na senti chache. Aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote kisha akaitumia kumfungia mwenzake mlango, hubeba tendo lake lote.

Waislamu huamini kwamba malaika wawili huandika matendo ya kila mtu, na Wakristo husoma katika Ufunuo habari za vitabu vitakavyofunguliwa siku ya hukumu. Katika imani zote mbili daftari la kweli haliachi kitu. Daftari la mchezo lina safu ya mapigo na safu ya makosa, lakini halina safu ya aliyezuiwa kuingia uwanjani, na hakuna mhariri anayeweza kuandika mapigo ambayo hayakupata nafasi ya kupigwa.

Kinachowezekana ni kuwaingiza walioachwa nje ingawa walicheza. Mwaka 2020 uongozi wa ligi kuu ya besiboli ulitangaza kwamba ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zitahesabiwa kuwa ligi kubwa, na mwaka 2024 takwimu zake zikaunganishwa. Josh Gibson, kwa wastani wa 0.372, akampita Ty Cobb kileleni. Stovey na Walker walitangulia mno kufikiwa na uamuzi huo. Anson aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown mwaka 1939. Frank Grant, nyota Mweusi wa Buffalo katika ligi ileile iliyopiga kura mwaka 1887, aliingizwa mwaka 2006, miaka 69 baada ya kufa.