Nyota Haisafishwi kwa Fedha



Katika siku hizi za Epifania Kanisa linatukumbusha Mamajusi, watu wa mashariki waliokuwa na desturi ya kutazama nyota. Mathayo Mtakatifu anatueleza kwamba nyota iliwafikisha kwa Mtoto Yesu. Haikuwaonyesha jirani anayewachukia. Iliwaongoza kwenda kuabudu, nao wakatoa zawadi zao.

Tujiulize basi: sisi nyota zinatupeleka wapi? Wako wazazi ambao, mtoto akishindwa mtihani au kahawa ikikosa bei, huambiwa na mganga kwamba nyota yao imechafuliwa. Hutoa kuku, mbuzi na fedha ili isafishwe. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi si fedha. Mganga hutaja aliyeichafua, na mara nyingi ni shangazi, au mjane akaaye peke yake. Ndipo ukoo huvunjika, na watu waliopiga magoti mbele ya madhabahu moja hawasalimiani tena.

Wazee wetu hawakuziogopa nyota. Wakulima walipima majira kwa Kilimia, lile fungu dogo la nyota. Ndugu zetu wa ziwani huvua usipa kwa taa katika usiku wa giza, hivyo hesabu ya mwezi wanaijua. Hata Kitabu cha Ayubu kinakitaja Kilimia, pale Mungu anapomwuliza Ayubu kama yeye anaweza kukifunga. Kwa macho tunaona nyota sita au saba. Kwa darubini ndogo huonekana makumi, na wataalamu wamehesabu zaidi ya elfu moja. Mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 400 kabla ya kutufikia. Ule tutakaouona usiku huu, mvua ikikatika, ulianza safari zamani sana kabla wamisionari wetu hawajafika Likoma. Ni mkono wa nani basi uwezao kufika huko na kupaka uchafu? Na damu ya kuku itaufutaje?

Kwa sababu hiyo nasema kwamba nyumba ya kutazamia nyota, iliyo wazi kwa watu wote, ina manufaa kwa jamii, wala si mchezo wa matajiri. Nyumba kama hiyo huwa na darubini kubwa, na pengine ukumbi wenye paa la mviringo kama bakuli lililofunikwa. Humo ndani mwanga huchora anga lote, watu wakaonyeshwa mwendo wa nyota hata mchana au wakati wa mvua. Huko Nairobi, Bibi Susan Murabana na mumewe Bwana Chu Owen walijenga ukumbi wa namna hiyo kwa mianzi, nao wamepeleka darubini mpaka shule za mbali.

Nasi hapa nchini hatuanzi bila kitu. Kule Mbozi, mkoani Songwe, kipo kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi, na watu huenda kukitazama kwa karibu. Tena tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, watu wengi pamoja na wanafunzi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, wakalitazama kwa miwani maalumu. Mwezi ulisimama katikati ya jua, likabaki kama pete. Saa yake ilikuwa imehesabiwa miaka mingi mbele. Jambo lililojulikana kabla watoto wale hawajazaliwa haliwezi kuwa kazi ya mchawi wa kijiji. Aliyeona hivyo kwa macho yake mwenyewe hadanganyiki upesi.

Wengine huogopa kwamba elimu hii itampunguza Mungu. Lakini Kanisa lenyewe huhesabu mwezi: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Naye mwandishi wa Zaburi ya 8 alizitazama mbingu akajiona mdogo, na papo hapo akastaajabu kwamba Mungu anamkumbuka mwanadamu.

Huku kwetu nyumba kama hiyo bado hatuna. Walimu na halmashauri ya mtaa, lifikirieni jambo hili. Wazazi, darubini ikiletwa shuleni msiwazuie watoto. Na mwishoni mwa Juni, mbingu ya Matiri inapokuwa safi, waamsheni alfajiri mkawaonyeshe Kilimia kikichomoza mashariki.

Nawe uliyeacha kumsalimu ndugu yako kwa sababu ya neno la mganga, usingoje darubini. Nenda kwake wiki hii mkapatane, kisha uje Mezani pa Bwana.

Mwenyezi Mungu, aliyeziumba nyota zote, awabariki. Amina.