Tatoo, Hereni na Hekalu la Roho



Neno letu la leo linatoka 1 Wakorintho 6:19-20, pale Paulo anapowakumbusha waamini kwamba miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba walinunuliwa kwa thamani. Sisi wa huduma ya afya tumeombwa kulileta neno hili sasa kwa sababu shule zimefungwa, na kila majira ya joto vijana wetu wanarudi nyumbani na tatoo begani, kipini puani, au hereni ya tatu juu kabisa ya sikio. Wengine wanakuja ibadani na mikono mirefu, na joto lote hili! Tunawaona.

Swali tunaloulizwa zaidi ni hili: je, ni dhambi? Wazee wengi wanafungua Walawi 19:28 na kufunga mjadala. Mstari huo upo, hatuwezi kuuruka. Lakini tuusome wote: unataja kujichanja mwili kwa ajili ya wafu. Na Biblia hiyo hiyo, katika Mwanzo 24, inasema mtumishi wa Abrahamu alimtia Rebeka pete puani na vikuku mikononi, wala hakuna aliyemkemea. Mengine tunamwachia mchungaji. Sisi leo tunasimama kwenye hekalu lenyewe: ngozi, damu na ini.

Ngozi ni ukuta ambao Mungu aliuweka, na sindano ya tatoo inautoboa mara maelfu. Kama sindano hiyo imetoka kwa mtu mwingine bila kusafishwa kwa mvuke, inaweza kubeba homa ya ini aina ya B na C, hata VVU. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza. Kwa hiyo rafiki mwenye mashine ya bei rahisi aliyoinunua mtandaoni, anayewachora wenzake chumbani kwake, si fundi wa kumkabidhi mwili.

Hata duka safi halimalizi hatari yote. Mwishoni mwa 2011 huko Rochester, New York, watu 19 walitokwa na vipele visivyopona mahali walipochorwa. Wino wa kijivu ulikuwa na bakteria kabla haujafika kwa mchoraji.

Hapa tuongee na akina baba na akina mama. Kabla hatujawanyoshea vijana kidole, tutazame vifua vyetu. Wangapi kati yetu tuna chale? Tulichanjwa tukiwa wadogo, wembe mmoja ukapita kwa watoto wa nyumba nzima, na hakuna aliyeuliza. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wengi wetu watu wazima hatukuipata. Ugonjwa huu unaweza kukaa kimya miaka mingi huku unaliharibu ini. Tangu 2023, mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, inashauri kila mtu mzima apimwe homa ya ini B angalau mara moja maishani. Ni kipimo cha damu tu. Ukienda kliniki, kiombe kwa jina. Ukikutwa huna virusi wala kinga, utachanjwa. Ukikutwa navyo, zipo dawa za kuvidhibiti, nawe utafuatiliwa. Aina ya C haina chanjo, lakini dawa za siku hizi zinawaponya karibu wote wanaozitumia.

Sasa jambo linalotuhusu sana sisi watu wa ngozi nyeusi: keloidi. Kovu linaota, linazidi kidonda chenyewe, linawasha, na likikatwa bila matibabu mengine mara nyingi linarudi kubwa zaidi. Kama mama au shangazi ana keloidi, binti afikiri mara mbili kabla ya kutoga tena. Ndewe ina nyama laini na hupona kwa wiki 6 hadi 8 hivi. Juu ya sikio ni gegedu, damu inafika kidogo, na kupona kunachukua miezi. Usaha ukiingia humo, sikio linaweza kujikunja na kubaki hivyo. Hereni ya ulimi nayo inavunja meno na kula fizi. Na mwenye kisukari, au ambaye valvu za moyo wake ziliharibika utotoni, asitobolewe popote bila kumwuliza daktari.

Dada zetu wa pwani watatusamehe tukigusa na piko. Hina ya majani haina neno kwa wengi. Piko nyeusi ina dawa ya kupaka nywele rangi, nayo inaweza kubabua ngozi na kumwachia mtu mzio wa maisha yote. Tukumbuke msimu wa harusi.

Lakini kuna kitu kinatuuma kuliko wino. Kijana anaweza kukaa na sikio linalovimba siku nne, analifunika kwa kofia, kwa sababu anaogopa baba atasema nini. Na ile tatoo ambayo baba ameikasirikia, mara nyingine ni jina la bibi aliyezikwa kambini Nyarugusu, ambaye mjukuu hakupata nafasi ya kumwaga udongo kaburini kwake. Huyo mtoto anaomboleza. Walawi 19:28 inazungumza naye kabisa, ni kweli, lakini aongewe naye kama mfiwa. Nani alikaa naye matanga?

Basi mzazi, ukiiona, uliza kwanza: inauma? Kisha tazama. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: je, pana joto, pamevimba, pamekuwa peusi kuliko jana, panatoa usaha? Osha kwa maji safi ya chumvi, si kwa spiriti. Hereni ya mahali palipooza usiivute kabla mhudumu wa afya hajaona, maana tundu likifunga, usaha unabaki ndani. Akiwa na homa, anatetemeka, au uvimbe unapanda, mpeleke hospitali usiku huo huo. Maneno mengine yatasubiri.

Nanyi vijana, kama mmeshaamua, basi ingieni mahali penye leseni, muone sindano mpya ikifunguliwa mbele yenu na glavu zikivaliwa. Wasiofikisha miaka 18, sheria za majimbo zinatofautiana, lakini ya nyumbani mnaijua.

Jumapili ijayo baada ya ibada tutakuwa kwenye chumba cha Shule ya Jumapili na glavu, tochi na maji ya chumvi. Pia tutawaandikia jina la kipimo cha homa ya ini kwa Kiingereza, mwende nalo kliniki. Mlango utafungwa, mtaingia mmoja mmoja. Hatutauliza nani alikuchora.