Jina la Yesu Kwenye Ukuta wa Mizinga



Wiki iliyopita mimi na mafrateri wenzangu wanne tulipata siku nzima ya kuzunguka bandari ya Mombasa. Zile pembe za Moi Avenue naziruka, mmeshaziona kwenye picha za kila mtu. Nataka tukae kidogo pale Fort Jesus, kwa sababu tangu nitoke pale kuna swali halijaniacha: jina la Yesu linafanya nini juu ya ngome ya vita?

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kuta zake ni nene ajabu, na mizinga yake inatazama mlango wa bahari. Ndani kuna mabaki ya kanisa. Yaani padre alikuwa akiinua Hostia, na hatua chache kutoka altareni kuna baruti. Kwenye falsafa tulibishana sana kama jina lina uhusiano wowote na kitu kinachoitwa hivyo. Plato ana mazungumzo mazima juu ya jambo hilo, Cratylus. Darasani ulikuwa mchezo wa akili tu. Pale ngomeni haukuwa mchezo.

Kuna mtu mmoja wa historia ya ngome hii ambaye vijana Wakatoliki wachache sana wanamjua. Aliitwa Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme wa Mombasa na Malindi, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa, akavushwa bahari hadi Goa, akalelewa na watawa Waagostino. Akabatizwa, akapewa jina Jerónimo. Akasoma, akaoa Mkristo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Kwa macho ya wakubwa, hayo yalikuwa mafanikio makubwa ya umisionari.

Lakini wanahistoria wanasimulia kwamba alionekana kwenye kaburi la baba yake akiomba kwa desturi ya Kiislamu. Fikiria hapo. Ni kijana aliyepewa imani na mikono ileile iliyokuwa na damu ya baba yake. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, kisha wakauawa Wakristo wengi: mapadre, wanawake, watoto, Wareno na Waafrika pia. Wengi walitakiwa kuikana imani wakakataa. Kanisa linawakumbuka kama Mashahidi wa Mombasa.

Wengine wakisimulia habari hii huishia kwa mashahidi, na ni kweli mashahidi ni mashahidi. Hakuna kaburi la baba linalohalalisha kumuua mtoto wa mwenzio. Ila tukiwasifu wao na kuinyamazia ile safari ya Goa, tunakuwa tunasema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hubomoa imani kuliko ukweli wenyewe. Mtakatifu Yohane Paulo II hakuogopa jambo hili. Tarehe 12 Machi 2000, katika Basilika ya Mtakatifu Petro, aliliongoza Kanisa kuomba Mungu msamaha kwa nyakati ambazo watoto wake walitumia mabavu wakidhani wanautetea ukweli.

Tulipotoka tulipitia Mji wa Kale, tukaupita Msikiti wa Mandhry, tukashuka hadi Bandari ya Kale. Mzee mmoja alikuwa akiuza kahawa chungu. Tukaamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, mwatoka wapi?" Nikamwambia, Fort Jesus. Akacheka.

"Sisi twaita Ngomeni tu. Nabii Isa twamjua, naye hakujenga ngome."

Wee! Niliona aibu kidogo, halafu nikashukuru. Mzee yule si Mkristo, lakini alikumbuka jambo ambalo Petro alifundishwa usiku wa Gethsemani, alipoambiwa arudishe upanga alani.

Vijana, mimi na wewe hatuna mizinga. Tuna jina lilelile, tulilotiwa siku ya Ubatizo. Na nawaona wengi wetu mitandaoni: kwenye wasifu kuna msalaba na rozari, kwenye maoni kuna matusi kwa Wapentekoste, kwa Waislamu, kwa binti fulani aliyepata mimba. Hiyo nayo ni ngome, na juu ya mlango tumeandika Yesu. Mtu wa nje atalisoma jina kupitia kile kinachotoka kwenye matundu ya ukuta. Sioni angelisomaje vinginevyo.

Jioni, kabla ya kuvuka Likoni kwa feri, tuliwahi Misa katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Tulipofika sehemu ya kuwaombea marehemu, niliwaweka wote moyoni: kapteni, watawa, wale watoto, mfalme aliyeuawa mwaka 1614. Nilipofika kwa mwanawe nikasita, sikujua nimwite Yusuf au Jerónimo mbele za Mungu. Nikataja yote mawili.