NENO KWA JAMAA: MASOMO YA SHERIA NA GHARAMA YAKE



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakishatoka, wazazi wanatuletea swali moja: mtoto amepata diploma, anataka kuingia fakulte ya sheria, je, tuuze kiwanja? Wengine hawapiti kwa mashemasi. Wanakwenda moja kwa moja kwa nabii kusudi Roho aseme kama mtoto atakuwa avoka. Tumeona vema kujibu mbele ya wote, kwa sababu neno hili limegawanya nyumba fulani, na kuna wasichana waliotolewa shuleni kusudi kaka yao aendelee.

Tufungue Luka 14, kuanzia mstari wa 28. Bwana anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu, asije akaweka msingi tu na kuchekwa na wapita njia. Wapendwa, minervali ya mwaka wa kwanza ndiyo huo msingi. Katika utaratibu wa zamani masomo ya sheria yalikuwa miaka 5, yaani 3 ya graduwa na 2 ya lisansi. Katika utaratibu mpya ni 3 ya lisansi na 2 ya masta. Hesabu ni ileile. Na anayetaka kuwa avoka hajafika bado, maana sheria ya baro ya tarehe 28 Septemba 1979 inamdai staji ya miaka 2 chini ya avoka mwenye uzoefu. Jumla ni miaka 7, bila kuhesabu mwaka wa kurudia. Wakati wa staji kijana anavaa koti, anabeba mafaili ya mkubwa wake, watu barabarani wanamwita Maître, na jioni anarudi kula kwa mama yake. Basi jamaa iliyouza kiwanja mwaka wa kwanza na mbuzi mwaka wa pili, itauza nini mwaka wa sita?

Tena tunajua tunaishi katika inchi gani. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa katika mashamba yao. Baba aliyetegemea kakao yake upande wa Mbau au Oicha ameiacha mtini, amekimbia na watoto, na minervali imekatika katikati ya mwaka. Mbele yake hatuwezi kusema tu: amini, ndugu, Mungu atafungua mlango.

Kwa hiyo wafanya biashara wetu wanasema, heri fedha hiyo inunue bidhaa, kijana apate meza sokoni, kwa kuwa hata wenye lisansi wanaendesha taksi-moto. Neno lao si la kipumbavu. Tunao motari wa namna hiyo katika kwaya yetu, nao ni watu wa heshima. Lakini wafanya biashara wanahesabu upande mmoja tu wa kitabu. Tuhesabu vilevile tulichopoteza kwa kukosa mtu wa kutusemea.

Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Tarehe 3 Oktoba ya mwaka uleule mahakama ya kijeshi ya Thysville, inayoitwa leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kufa. Hakuwa na avoka. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha, na mtumishi wa Mungu akakaa gerezani miaka 30, mpaka alipokufa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Makanisa yote ya manabii katika Kongo yanakumbuka mateso yale. Tukumbuke pia kile kiti kitupu kando yake siku ya hukumu.

Wala si mambo ya zamani tu. Hali ya vita ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia tarehe 6 Mei 2021, kesi za makosa ya raia zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Gereza la Kangbayi huko Beni liliposhambuliwa Oktoba 2020, wafungwa zaidi ya 1,300 walitoka. La Kakwangura, Butembo, Agosti 2022, zaidi ya 800. Wahalifu walikuwamo, ndiyo. Lakini ninyi mnaopeleka chakula gerezani mnajua kwamba mle hukaa vilevile watu wanaongoja tu jina lao lisomwe.

Na wajane! Mume anazikwa, matanga hayajaisha, ndugu zake wanaomba ufunguo wa nyumba. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inawaweka watoto wa marehemu mstari wa kwanza katika urithi, wasichana sawa na wavulana, na mjane naye ana fungu lake. Ni mama wangapi katika kanisa hili waliosomewa jambo hilo kabla ya kufukuzwa? Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema madai yao ni ya haki. Kwa hiyo, wazazi, kama mwenye akili ya masomo nyumbani ni binti, msimwondoe shuleni kwa ajili ya kaka anayependa koti tu.

Sasa juu ya unabii. Katika Matendo 23:11 Bwana alisimama karibu na Paulo usiku, akamwahidi kwamba atamshuhudia Roma. Ahadi ilikuwa imetoka kinywani mwa Bwana mwenyewe. Hata hivyo, mbele ya Festo, katika sura ya 25, Paulo alitumia haki ya raia wa Roma, akadai kesi yake ihukumiwe na Kaisari. Alifika Roma kwa njia ya sheria. Yeye aliyejaa Roho hakuona haya kujua sheria. Basi nabii akikuambia mtoto ameitwa, pokea neno. Kisha chukua karatasi na kalamu. Na nabii akinyamaza, usimsumbue mpaka aseme unachotaka.

Biblia inatuonyesha waneni wa mahakamani wa namna mbili. Tertulo, katika Matendo 24, alikodiwa na wakubwa, akamsifu liwali Feliki kwa maneno matamu, akamshitaki mtu asiye na kosa. (Feliki naye alimweka Paulo kizuizini miaka 2, akitumaini kupewa fedha. Mnafahamu.) Wa pili ni Zena, anayetajwa mara moja tu, Tito 3:13. Alikuwa mwana-sheria, na Paulo anamwagiza Tito awasafirishe yeye na Apolo kwa bidii, wasipungukiwe na kitu. Mhubiri na mwana-sheria katika mstari mmoja, na gharama ya safari inawekwa juu ya kanisa la Krete, si juu ya baba ya Zena.

Hapo ndipo tunapowasimamisha, wapendwa. Mtoto anayetaka sheria kusudi aitwe Maître, baba yake amlipie kama anaweza, wala asiuze kiwanja ambacho jamaa inalala. Lakini mtoto aliyeonekana tangu ujana kuwa hasemi uongo, hapendi zawadi za siri, anakwenda na mama mjane kwa mkubwa wa avenyu bila kutumwa, huyo ni mzigo wetu sote. Na gharama imepungua kidogo tangu 1989, Askofu Emmanuel Kataliko alipofungua Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapa Butembo. Si kanisa letu, lakini tunawashukuru: mtoto anaweza kusoma sheria akilala kwao, wakati zamani wazazi walimtuma mpaka Kinshasa.

Jamaa zenye mtoto wa namna hii zije kwa mashemasi kabla ya maandikisho, baba na mama pamoja, na mtoto mwenyewe. Mlete karatasi yenye gharama za miaka 7: minervali, vitabu, nguo, chakula, na staji. Andikeni pia majina ya ndugu zake wanaosoma na darasa la kila mmoja, kwa kuwa hatutakubali karatasi inayomtoa mwingine shuleni. Tutasoma pamoja, tutaomba, na sadaka ya Jumapili ya mwisho ya mwezi itafunguliwa mbele yenu.