Mfumo Ukikosea, Nani Alaumiwe?

Januari 2022 shule za Uganda zilifunguliwa baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya Korona. Wiki hiyohiyo madaftari yaliisha katika duka la mama yangu. Duka letu ni la rejareja, katika mji mdogo upande wa Masaka, na bidhaa zetu hutoka Kikuubo, ule uchochoro wa wauzaji wa jumla mjini Kampala. Kwa kawaida mama aliagiza katoni 3 za madaftari kwa mwezi. Safari hii akaagiza 6. Hazikuja, kwa kuwa kila duka lilikuwa likitafuta madaftari. Akaagiza 10 zaidi, kisha 10 nyingine kwa mfanyabiashara wa pili, ili huyu akikosa yule apate. Mwisho wa Februari katoni zote 26 zilifika kwa pamoja. Wazazi walikuwa wamekwisha kununua.

Mama alitafuta mwenye kosa, akampata. Alikuwa kijana aliyetusaidia dukani, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga simu na kuandika oda. Aliambiwa kwamba ameagiza ovyo, akaondoka na mshahara wa nusu mwezi. Nilikuwepo. Nilijua kwamba aliagiza alichoambiwa, nikanyamaza, maana karo yangu ilitoka katika droo ileile.

Kisa hiki kilinirudia mwaka jana katika somo la uongozi wa mashirika, mwalimu alipotuchezesha mchezo uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1960, na Jay Forrester na wenzake. Watu wanne hushika nafasi nne: muuzaji wa rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila wiki ya mchezo, kila mmoja humwagiza aliye juu yake kreti za bia (kwetu zilikuwa za soda, kwa heshima ya wenzetu walokole). Hakuna ruhusa ya kuzungumza. Oda huchelewa kufika, na mzigo nao huchelewa kuja. Mzigo ukikulalia ghalani unatozwa, na ukimkosesha mteja unatozwa zaidi.

Mimi nilikuwa kiwanda. Wiki za mwanzo zilikuwa shwari, kisha oda zikaanza kupanda hadi nikashindwa kuzitimiza. Nilipozalisha kwa wingi, zikakoma kabisa, nikabaki na kreti zisizo na mnunuzi. Kufikia hapo nilikuwa nimemchukia msambazaji wangu, dada mpole ambaye hukaa nyuma yangu katika vipindi vya fasihi na hajawahi kunikosea lolote. Mwishoni mwalimu alitutaka tuchore jinsi tunavyodhani wateja walivyonunua. Tulichora milima na mabonde. Kisha akafunua karatasi za mteja: kreti 4 kila wiki, halafu kuanzia wiki ya 5 kreti 8, na hapohapo hadi mwisho. Milima yote tuliijenga sisi, kila mmoja akifanya jambo ambalo kwa alipokaa lilikuwa la busara.

Mwenzetu mmoja akauliza, "Basi, mwalimu, hakuna mwenye kosa?" Mwalimu alijibu kwamba shabaha ya mchezo ni kutuachisha tabia ya kuwinda wakosaji, ili tutazame mpangilio wenyewe. Darasa liliridhika. Mimi nilifikiria nusu mshahara wa yule kijana.

Naukubali mchezo kwa sehemu kubwa. Anayefundishwa kuamua kwa kutazama meza yake peke yake ataharibu hata akiwa na akili nyingi, na kumfukuza hakubadilishi kitu, kwa sababu atakayekalia kiti chake atafanya vilevile. Tatizo langu ni kwamba mchezoni nafasi zote nne ziko sawa. Kila mmoja anaamua, na mchezo ukiisha wote tunakwenda kula. Dukani haikuwa hivyo. Mama ndiye aliyeamua idadi, na kijana aliandika tu. Tena kijana ndiye aliyesimama mbele ya wateja. Aliniambia baadaye kwamba aligundua mapema kuwa walioulizia madaftari asubuhi walikuwa walewale walioulizia jioni, na kwamba waliulizia katika maduka matatu. Wateja kumi wakawa thelathini katika hesabu za mjini. Hakumwambia mama, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, na kwetu mfanyakazi hamfundishi tajiri kuagiza.

Kwa hiyo naona kuna maswali mawili ambayo somo letu huyachanganya. Nani alisababisha? Hapo ni kweli kwamba pengine hakuna mmoja. Nani angeweza kuubadilisha mpangilio, kwa mfano kwa kumwuliza kijana alichokiona? Huyo yupo, naye hawezi kujificha nyuma ya neno "mfumo". Nahofia meneja anayehitimu akiwa amejifunza jibu la swali la kwanza tu. Hasara ikija atasema mfumo umekosea, na atakayepunguzwa kazi atakuwa bado yule anayeshika simu. Na shahidi aliyenyamaza kwa ajili ya karo yake je? Sikuwa na uwezo wa kubadilisha oda, lakini nilikuwa na uwezo wa kusema sentensi moja.

Likizo ya Desemba nilimweleza mama mchezo huo, nikiuzungushazunguka kabla ya kufika kwenye madaftari. Alinisikiliza huku akipanga sabuni. "Wale wa Kikuubo walitaka pesa zao," alisema. "Ningewaambia ni mfumo, mfumo ungenilipia?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba kijana naye alikuwa na wa kumdai.

Alinyamaza. Baadaye, baada ya kufunga duka, nilimkuta ameketi na kitabu cha oda cha mwaka ule, amevaa miwani, kidole kikishuka polepole kwenye mwandiko wa yule kijana.

"Wewe ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua, mama."

"Na mwaka mzima ulikula hapa."

Akafunga kitabu, akaniambia nikazime taa ya nje.